Baba Mlevi na Wafadhili Wake

Katika kikundi chetu cha sanaa yumo mhusika mmoja ambaye ameiingizia nchi hii fedha za kigeni kwa miaka mingi, na hajawahi kupewa hata cheti cha shukrani. Anaitwa Baba Mlevi. Jina jingine hana. Anaingia akipepesuka, chupa mkononi, vifungo vya shati vimepishana, anamwita mkewe kwa sauti inayofika kituo cha daladala, watoto wanaangua kicheko, mchezo umeanza.

Miaka ya 2000, fedha za ukimwi zilipoanza kumiminika, Mfuko wa Dunia ukiwa umeanzishwa 2002 na PEPFAR ya Wamarekani 2003, Baba Mlevi alikuwa mwambukizaji. Alitoka kilabuni, akapitia nyumba ndogo, akarudi kwa mkewe na virusi. Tuliucheza mchezo huo sokoni, stendi, mbele ya zahanati, na kwenye viwanja vya shule ambako walimu walitusihi tupunguze makali. Uchaguzi ulipokaribia, wafadhili wakahamia kwenye elimu ya mpiga kura. Baba Mlevi akahama nao, akauza kadi yake ya kupigia kura, hela akainywa. Zikaja ndoa za utotoni: akamwoza binti wa darasa la saba kwa mzee mwenye ng'ombe, mahari akainywa. Yakaja mazingira: akakata mikoko, akachoma mkaa, na mkaa nao akaunywa. Ikaja Korona: akagoma kuvaa barakoa. Sasa hivi mada inayopendwa ni mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kunyonya, na sina haja ya kuwaambia ni nani katika familia ile aliyekopa bila mkewe kujua.

Shati ni lile lile. Chupa ni ile ile, ndani mna chai ya rangi. Mwigizaji mwenyewe ni mwanakwaya mpole ambaye maishani mwake hajaonja hata togwa iliyolala, lakini mtaa mzima unamwita Mlevi. Mkewe aliwahi kuja ofisini kwetu, yaani chini ya mwembe, kutuomba tumpe mumewe nafasi ya Daktari angalau msimu mmoja, maana watoto wanataniwa shuleni. Shemeji tulimwelewa. Tatizo ni kwamba Daktari huingia mwishoni kabisa, kusema sentensi mbili zenye ujumbe wa mfadhili, na kwa desturi yetu nafasi hiyo hupewa mtu asiyejua kuigiza.

Mimi ni katibu wa kikundi. Zamani nilikuwa mpiga ngoma. Nilipandishwa cheo, kama hiki ni cheo, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na nina kompyuta mpakato isiyoweza kuwaka bila kuchomekwa ukutani. Tangu hapo ngoma naisikia kwa mbali, nikiwa nyuma ya watazamaji na karatasi ya mahudhurio.

Hiyo karatasi nayo ina hadithi yake. Mfadhili hataki kuambiwa kwamba uwanja ulijaa. Anataka jina, jinsia, umri, namba ya simu, kama una ulemavu, na saini. Jaribu kupita stendi ya mabasi, watu wamesimama wanacheka, uwaombe majina na saini. Kicheko kinakatika hapo hapo. Vijana waliokuwa mbele wanajikuta nyuma, na waliokuwa nyuma wanajikuta ndani ya basi. Mama mmoja muuza mihogo alikubali kusaini kwa sharti kwamba niape mbele za watu huo si mkopo. Mzee mmoja aliniuliza posho inatoka saa ngapi, nilipomwambia haipo akafuta jina lake kwa kalamu yangu mwenyewe, tena akalikwangua mpaka karatasi ikatoboka. Huyo mzee yumo kwenye taarifa yetu ya robo mwaka: mnufaika mwanaume, zaidi ya miaka 60, saini haisomeki.

Halafu kuna andiko. Ndugu zangu, andiko la mradi! Fomu iko mtandaoni na imeandikwa kwa Kiingereza. Kila kisanduku kina kikomo cha herufi, na saa ya kufunga pazia ni ya mji ambao sisi tunausikia kwenye habari za mpira. Fomu haiulizi mnacheza nini, wala kama kuna mtu kati yenu anayejua kupiga ngoma. Inauliza nadharia yenu ya mabadiliko. Inataka jedwali la logifremu: lengo kuu, malengo mahususi, shughuli, viashiria, njia za uhakiki, dhana na vihatarishi. Useme kabla hujapiga hata kofi moja la ngoma ni wanawake wangapi na wanaume wangapi watabadili tabia, kufikia mwezi wa ngapi, na utajuaje. Nami katibu, mtoto wa Buguruni, nakaa na taa ya simu usiku kucha nikiamua watu wa Mbagala watakaoacha kupiga wake zao wawe asilimia 35 au 40. Nikiandika 40 naonekana mwongo. Nikiandika 35 naonekana mvivu.

Chini kabisa kuna kisanduku cha uendelevu: mradi ukiisha, shughuli zitaendeleaje bila fedha? Hilo swali nalipenda, kwa sababu jibu lake la kweli ni kwamba tutaendelea vile vile tulivyokuwa tukiendelea kabla hamjatujua. Lakini jibu hilo halipati alama. Unatakiwa kuandika kwamba kikundi kitaanzisha vyanzo mbadala vya mapato na kuimarisha ubia na wadau.

Si kwamba Waswahili hatukuwahi kuwa na utaratibu wetu. Kati ya 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji wakawauliza shida zao ni zipi. Hakuna aliyefika na kichwa cha mchezo mfukoni. Wanakijiji walitaja wenyewe, wakachambua wenyewe, wakaingiza mambo yao katika ngoma na maigizo yao, kisha wakakaa kitako kujadili walichokiona. Baadaye kazi ya namna hiyo ilifanyika Msoga na kwingineko, na ikapata jina kubwa duniani, sanaa kwa maendeleo, na vitabu vikaandikwa. Wafadhili wakavisoma. Wakaipenda mno ile sehemu ya ngoma na maigizo. Ile sehemu ya kuwauliza wanakijiji kwanza nadhani ilikuwa kwenye ukurasa ulionata.

Kwa sababu leo mada inafika imeshapikwa. Inatoka ng'ambo, inashukia kwenye shirika la kimataifa lenye ghorofa na geti, linakata gharama zake za uendeshaji, linaishusha kwa asasi ya kitaifa yenye bustani Mikocheni, nayo inakata zake, inashuka kwa mtandao wa wilaya, ambao hauna bustani lakini una mratibu, naye ana pikipiki, na pikipiki inakunywa mafuta. Kinachofika chini ya mwembe ni nauli, soda na fulana. Fulana huwa hazikosi. Kikundi chetu kikivaa fulana zake zote za miradi kwa siku moja, mgeni atadhani kuna mkutano wa Umoja wa Mataifa Buguruni.

Wakubwa wenyewe hilo wanalijua. Novemba 2021, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, Samantha Power, alitangaza kwamba ndani ya miaka minne robo ya fedha za shirika hilo itakwenda moja kwa moja kwa asasi za wenyeji. Tulishangilia. Mweka hazina wetu alikwenda benki kuhakikisha akaunti bado hai, akaambiwa imelala kwa kukosa miamala, akalipa hela ya kuiamsha. Mwaka wa fedha wa 2023 fungu hilo lilikuwa chini ya asilimia 10. Na Januari 2025 rais mpya wa Marekani akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe, zikaja barua za kuamuru kazi ziachwe hapo zilipofikia, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha rasmi kuendesha misaada ya nje. Walioumia kweli ni wagonjwa na wauguzi, sitafanyia hilo mzaha. Sisi huku chini tulichoona ni mratibu akirudisha pikipiki. Alikuja kutuaga kwa miguu. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alikaa mpaka mwisho wa mazoezi, akacheka sana, akasema kumbe nyie mnajua kupiga. Miaka yote ile alikuwa anachukua karatasi ya mahudhurio na kuondoka.

Tena tusijidanganye kwamba njaa hii ni ya wadogo peke yao. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004 na linalojulikana dunia nzima, lilishindwa kufanyika 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile cha Zanzibar wanakofundisha kupiga kanuni na udi, kilitangaza 2019 kwamba kinakaribia kufunga milango. Kama waliokuwa na jengo linaloitazama bahari walifika huko, sisi wenye mwembe tumlilie nani?

Sasa nifike kwenye jambo linaloniwasha hasa.

Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa, na 2017 zikafuata zile za Kimara kandokando ya barabara ya Morogoro. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua ile alama ya X nyekundu inayopakwa ukutani. Wengine walionywa mapema, wengine walibisha, wengine walikuwa mahakamani. Sitaki kuamua kesi hapa. Ninachosema ni kwamba wanachama wetu wawili walilala nje, na mmoja wao ni dada anayecheza nafasi ya Mama, mke wa Baba Mlevi. Kwa hiyo tukatunga mchezo. Safari hii hatukuletewa mada na mtu. Familia inaamka asubuhi, inakuta X. Inakwenda kuuliza. Inatumwa dirisha namba mbili. Dirisha namba mbili linaituma dirisha namba tano. Dirisha namba tano limefungwa, mhusika yuko semina. Baba katika mchezo huo ni mtu timamu, fundi seremala, amevaa shati lenye vifungo vilivyolingana. Yule mwanakwaya alipoambiwa atacheza Baba asiyelewa alinyamaza, halafu akauliza kama ataruhusiwa kuja na shati lake la Jumapili.

Watu walifurika. Walilia, walicheka pale dirishani, walitukatiza wakatoa ushahidi wao katikati ya mchezo, bibi mmoja alipanda jukwaani akamfundisha mwigizaji wa karani jinsi karani halisi anavyofungua droo bila kukutazama. Tulipitisha kapu. Kapu lilirudi na nauli ya kila mtu na supu.

Tukalipeleka andiko la mchezo huo kwa mfadhili mmoja ambaye tangazo lake lilikuwa limejaa haki za jamii mpaka pembeni. Haki, usawa, sauti za wasiosikika. Nikasema leo tumepatana. Jibu lilichelewa, likaja kwa heshima sana. Maudhui yana mvuto, walisema, ila yana kihatarishi kikubwa na hayaonyeshi wazi mabadiliko ya tabia katika ngazi ya kaya. Kisha yule afisa, kijana mzuri tu, akanipigia simu kunisaidia. Akaniambia, "Kaka, hivi katika hiyo familia iliyobomolewa, hakuwepo baba anayekunywa?"

Nilikata simu nikajifanya mtandao umesumbua. Toka siku hiyo nimeelewa kwa nini Baba Mlevi hafi. Anapendwa kwa sababu anabeba kila kosa mwenyewe na analibeba ndani ya nyumba yake. Ukimwi, yeye. Umaskini, yeye. Mikoko, yeye, na si aliyekuja na leseni na msumeno wa injini. Kausha damu, yeye aliyekopa, na si anayetoza riba hiyo kisha anakuja kubeba godoro la watu mchana kweupe. Mchezo ukiisha hakuna ofisi iliyoguswa. Mgeni rasmi anaweza kupanda jukwaani, akapiga picha na waigizaji, akatoa nasaha kwa akina baba.

Kuna mlevi mwingine katika maigizo ya Afrika Mashariki, ila yule hakufadhiliwa na mtu. Mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Kenya, walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, wakacheza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ambao kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda. Baba wa mchezo ule, Kĩgũũnda, mwishoni naye anakunywa. Lakini kabla hajaigusa chupa, watazamaji wameshaona jinsi tajiri na benki walivyomchukulia kile kishamba chake kidogo alichokitundikia hati ukutani. Wameona nani kaanza. Novemba mwaka ule kibali cha mchezo kikafutwa, tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini, na 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Hiyo ndiyo tathmini ya mradi waliyopata. Na kusema kweli sijawahi kuona taarifa ya robo mwaka inayothibitisha kwa uzito kiasi hicho kwamba sanaa ilileta matokeo.

Basi, kuna wanaosema tuache kutegemea wazungu, tutumie fursa za nyumbani. Tumejaribu. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Ni jambo jema na haina riba. Lakini ni mkopo, na mkopo unarudishwa. Afisa aliyepitia maombi yetu, sitasema wa wapi, alituuliza kwa nia njema kabisa: mkishaigiza, marejesho yanatoka wapi? Tukaangaliana. Akatushauri tufuge kuku. Kikundi cha ngoma chenye waigizaji, waimbaji na mpiga zumari mmoja wa mwisho mwisho katika kata nzima, tufuge kuku. Mpiga zumari, mzee wa watu, akauliza kwa upole kama kuku hao watahitaji kupigiwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao siku hizi unakopesha, na walionufaika wapo, sibishi. Lakini mwenye studio anaweza kukopa, mwenye filamu anaweza kukopa. Mchezo wa dirisha namba tano unaochezwa bure stendi utaweka nini dhamana, mwembe? Nao si wetu.

Mweka hazina wetu yeye matumaini yake kayaweka kwa mama mmoja wa Marekani, MacKenzie Scott, ambaye tangu 2020 amegawa mabilioni ya dola, na mara nyingi mashirika aliyoyapa hayakujaza fomu yoyote. Yalipigiwa simu tu. Habari hiyo ilimwingia Mama Mweka Hazina kwenye damu. Akapiga marufuku mtu yeyote kikundini kuzima simu. Namba ngeni ikiita, mazoezi yanasimama. Mpaka sasa aliyepiga ni yule yule anayempigia kila Mtanzania, akianza na ile hela tuma kwenye namba hii, na mwingine aliyesema mtoto wake amezidiwa shuleni, ilhali mwanawe wa mwisho ana mke na bodaboda mbili.

Msinielewe vibaya. Ruzuku tumewahi kupata, na safari moja ilitosha hata kuwamba ngoma upya. Hapo ndipo nilipojua kwamba kupata fedha ni nusu ya dhiki.

Bajeti ilikuwa na kifungu cha ngozi: ya ng'ombe kwa ngoma kubwa, za mbuzi kwa ngoma ndogo. Mwongozo wa manunuzi ukasema kila kitu kiwe na profoma tatu kutoka kwa wazabuni watatu tofauti wenye TIN, ile namba ya mlipakodi, na malipo yawe na risiti ya mashine ya EFD. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawakusema awe na profoma. Nikaenda Vingunguti, jirani na machinjio, kwa mzee ambaye ametuuzia ngozi tangu enzi za marehemu mwenyekiti wetu wa kwanza. Nikamweleza. Akaniacha niseme mpaka mwisho, huku anakwangua manyoya.

"Mwanangu, ngozi moja, karatasi tatu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Za watu watatu."

"Leo nitakuuzia kwa bei hii. Kesho njoo, nitakutajia nyingine. Keshokutwa nyingine. Hizo si tatu?"

Nikamwambia wanataka watu watatu ili wajue nani ana bei nafuu. Akaniuliza kama hao watu wanaijua ngozi. Nikasema hapana. Akauliza kama wanaijua ngoma. Nikasema wanaipenda. Akarudi kwenye manyoya yake. Jinsi profoma tatu zilivyopatikana hatimaye ni siri ya stesheneri moja ya mtaani kwetu, na mfadhili alisifu ubora wa nyaraka zetu. Risiti ya EFD ilikataa kabisa. Kwa hiyo ngozi zikalipiwa na posho za wanachama, na fedha ya ngozi ikarudishwa ng'ambo ikiwa salama, pamoja na maelezo ya kurasa mbili kwa nini haikutumika.

Walipokuja wakaguzi, wakasema ngoma kubwa, kwa kuwa kamba na vigingi vyake vilipata risiti, ni mali ya kudumu ya mradi. Iingie kwenye daftari la mali, ipewe namba, ibandikwe kibandiko. Nikawaomba wakibandike ubavuni, kwenye mti. Yule binti mkaguzi akasema kibandiko kikae mahali kinapoonekana kwenye picha. Mahali panapoonekana kwenye picha ni katikati ya ngozi. Kikabandikwa hapo, cha plastiki, chenye nembo, kwa gundi ambayo tumeishindwa mpaka kwa mafuta ya taa. Kila ukipiga, ngoma inaguna mara moja na kibandiko kinajibu.

Mkaguzi wa mwisho alikuja kuihesabu hiyo mali na hakuikuta. Ilikuwa Mbagala, harusini. Ilinibidi nimweleze jambo ambalo halimo katika andiko lolote: sisi tunaishi kwa harusi. Harusi, kitchen party za wanawake, unyago, maulidi ya majirani, na ikibidi kigodoro. Anayetushika mkono mwaka mzima ni shangazi wa bi harusi. Shangazi hajawahi kuniuliza kiashiria. Anauliza mtafika saa ngapi, sare ya rangi gani, na kama yule anayeigiza mlevi atakuja, maana wageni wanampenda. Anatuma nusu kwa simu siku hiyo hiyo, nusu nyingine anaitoa kwenye kitenge usiku, mbele ya watu, huku anacheza. Mkaguzi aliandika yote hayo chini ya kichwa kinachosema mapato mengine, akaniuliza kama huyo shangazi anaweza kutoa barua ya utambulisho.

Juzi shangazi mmoja wa Temeke kaniandikia tena. Ana harusi ya mpwa wake Jumamosi, anataka kikundi kizima, zumari iwepo. Sharti alilotoa ni moja. "Mwanangu, mje na ngoma kubwa, ila ile yenye karatasi katikati mwiache, inapiga ovyo."